KINGA YA MWILI NA KINGA YA UMMA: FUNZO LA CHANJO KATIKA PWANI YA BAGAMOYO

Utangulizi

Tangu Uhuru tumezoea kusema kwamba Taifa letu lina maadui watatu: umaskini, ujinga na maradhi. Mara nyingi maadui hao hutajwa mikutanoni kwa mfululizo, kana kwamba kila mmoja ana uwanja wake wa vita. Ukweli ni kwamba wanapigana pamoja. Mkulima wa Kiwangwa anayelala na homa wakati wa palizi ya mananasi hapotezi afya tu, anapoteza na mavuno. Asiye na mavuno hana cha kumnunulia mwanawe daftari. Na mtoto asiyesoma hukua bila kujua homa ile ilitoka wapi, akaja kumzika mwanawe kama baba yake alivyowazika wadogo zake.

Katika makala hii tunakusudia kuitazama historia ya silaha moja katika vita hivyo, yaani chanjo, na tunaitazama kutoka Kiwangwa na vijiji vingine vya nyuma ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani. Tumechagua mahali hapo kwa sababu mbili. Kwanza, hiyo ni nchi ya malaria tangu zamani: mvua za masika na vuli, mabonde yanayotuama maji, na joto la pwani linalowafaa mbu mwaka mzima. Pili, watoto wa upande huo wa nchi yetu walikuwa miongoni mwa watoto wachanga wa kwanza kabisa duniani waliojaribiwa chanjo ya malaria. Historia hiyo inatuwekea swali ambalo kada na mwanafunzi hawana budi kulijibu: kinga ni mali ya nani?

Mwili unavyopigana

Ili kulijibu swali hilo, yafaa tuanze na mwili wenyewe. Ulinzi wa kwanza wa mwili ni boma: ngozi, machozi, kamasi, na tindikali ya tumboni. Adui akilivuka boma hukutana na chembechembe nyeupe za damu ambazo hummeza bila kuuliza jina lake. Homa tunayoiogopa huwa ni dalili kwamba vita imeanza.

Lakini ulinzi huo wa kwanza hauchagui wala haukumbuki. Kazi ya kuchagua na kukumbuka ni ya chembe nyeupe za aina nyingine, zinazokaa kwa wingi katika damu, katika wengu na katika matezi. Kila moja ya chembe hizo imezaliwa na uwezo wa kutambua umbo moja tu la adui. Adui akiingia, ile inayomtambua huzaana mara nyingi sana. Baadhi ya hizo mpya hutengeneza kingamwili, ambazo humnata adui na kumzuia asiingie katika seli za mwili. Baadhi huziua seli zetu zilizokwisha kutekwa. Na nyingine husaidia kuongoza mapambano. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na katika siku hizo mgonjwa hupona au hufa. Akipona, sehemu ya chembe hizo hubaki mwilini kama mgambo aliyekwisha kupata mafunzo. Adui yule yule akirudi, hujibiwa upesi kabla hajajipanga. Ndiyo maana mtu aliyeugua surua utotoni haugui tena.

Chanjo ni mafunzo ya mgambo bila vita kamili. Mwili huonyeshwa adui aliyedhoofishwa, au aliyeuawa, au kipande chake tu, ili ujifunze umbo lake na kuliweka katika kumbukumbu. Dozi ya pili na ya tatu ni marudio ya mafunzo. Mama anayeuliza kwa nini mtoto arudishwe kliniki wakati amekwisha kuchomwa sindano, jibu lake ndilo hilo: somo lililosikika mara moja husahaulika.

Malaria ni adui mgumu kuliko surua kwa sababu habaki na sura moja. Mbu jike aina ya anofelesi akiuma, vimelea hufika katika ini kwa muda mfupi. Huko hujificha na kuzaana kwa kiasi cha wiki moja, kisha hutoka kwa maelfu na kuingia katika chembe nyekundu za damu. Kila hatua kimelea huvaa sura nyingine, na hata akiwa ndani ya damu huendelea kubadilisha vazi. Kwa hiyo mwili haujifunzi malaria kwa kuugua mara moja. Unajifunza kidogo kidogo, kwa miaka.

Mwaka 1900 mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, aliona huko New Guinea kwamba watoto wadogo ndio waliokuwa na vimelea vingi, na watu wazima wa mahali pale pale walikuwa navyo kwa uchache. Mwaka 1961 watafiti nchini Gambia walithibitisha jambo hilo kwa njia nyingine: walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima wakawapa watoto wagonjwa wa malaria, na vimelea vya watoto hao vikapungua sana.

Tuyatafsiri matokeo hayo kwa lugha ya kijijini. Mkulima mzima wa Kiwangwa huumwa na mbu wenye malaria na bado huamkia shambani, wakati mwanawe wa miaka miwili anaweza kuanza homa Jumatatu na kuzikwa Jumatano. Mkulima huyo ana kinga, lakini kinga hiyo haikupatikana bure. Aliinunua kwa homa nyingi za utotoni ambazo yeye alizishinda na baadhi ya ndugu zake hawakuzishinda. Tena si kinga kamili wala ya kudumu, kwani kijana wa Kiwangwa akienda kukaa miaka mingi katika nchi isiyo na malaria, hupungukiwa nayo. Basi kazi ya chanjo ya malaria, kwa maneno machache, ni kumpa mtoto sehemu ya elimu hiyo bila kumtoza ada ya kifo.

Chanjo kabla ya sindano

Wapo wanaodhani kwamba chanjo ni kitu cha kigeni kilicholetwa na meli. Lugha yetu inawapinga. Neno chanjo linatokana na kuchanja, na kuchanja ni kukata, kama tunavyochanja kuni na kama waganga wetu walivyochanja chale na kutia dawa ndani ya damu. Watu wa pwani walipoiona sindano ya ndui hawakuhitaji kuazima neno.

Na siyo neno tu. Katika sehemu mbalimbali za Afrika na Asia watu walijua, karne nyingi kabla ya maabara, kwamba usaha wa mgonjwa wa ndui isiyo kali ukitiwa katika mkato wa ngozi ya mtu mzima wa afya, humletea ugonjwa mwepesi na kumlinda na ule mkubwa. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini Boston huko Amerika, mtumwa wa Kiafrika aliyeitwa Onesimus alimweleza bwana wake, Cotton Mather, kwamba kwao alichanjwa ndui kwa njia hiyo. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721 elimu hiyo ilitumika, na waliochanjwa walikufa kwa uchache kuliko walioachwa. Ilikuwa mwaka 1796 ndipo Edward Jenner wa Uingereza alipoonyesha kwamba ugonjwa mwepesi wa ng'ombe unaweza kutumika badala ya ndui yenyewe, na hivyo kuiondolea kazi hiyo sehemu kubwa ya hatari yake. Hatumpunguzii Jenner heshima yake. Tunasema tu kwamba elimu ya chanjo ilichangiwa na wengi, na mmoja wao alikuwa mtu aliyeuzwa.

Bagamoyo inahusika sana na historia hiyo. Katika karne ya 19 mji huo ulikuwa mlango wa misafara ya bara. Pembe za ndovu na watumwa waliteremka, nguo na bunduki zikapanda, na juu ya mabega ya wapagazi ndui ilisafiri pande zote mbili. Kipindupindu nacho kilipita pwani na Unguja mwaka 1869 na 1870 na kuua maelfu ya watu. Maradhi hayo yalifuata njia za biashara. Walioua watu kwa kazi na njaa waliwaandaa pia kuwa chakula cha ndui.

Ukoloni na damu ya watu

Wajerumani walipoitawala nchi, walichanja watu ndui kwa wingi, na maisha mengi yaliokolewa. Mwanahistoria mkweli hawezi kulificha hilo. Lakini hana budi pia kuuliza lengo. Mkoloni alihitaji wapagazi, wabeba mawe, na vibarua wa mashamba ya mkonge, na kibarua mgonjwa ni hasara katika daftari la bwana. Chanjo ilikuja pamoja na kodi ya kichwa, kiboko na kazi ya lazima, mara nyingine mikononi mwa serikali ile ile kwa siku ile ile. Mtu aliyechapwa asubuhi hawezi kuamini sindano ya jioni.

Hapo ndipo tunapoelewa habari za mumiani. Wakati wa ukoloni hofu ilienea pwani yote na sehemu nyingi za bara kwamba wapo watu waliotumwa na wazungu kukamata Waafrika na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wasomi wengi waliwacheka watu kwa hofu hiyo. Sisi tunaona kwamba kucheka ni kosa. Habari hizo hazikuwa za kweli kuhusu hospitali, lakini zilisema kweli kuhusu utawala uliochukua jasho la watu bila kuwauliza wala kuwalipa haki yao. Kada anayekwenda kijijini kuhimiza chanjo na kukuta mashaka, asianze kwa kukemea. Aanze kwa kujua mashaka hayo yana umri gani.

Uhuru na chanjo ya watu wote

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa tangu mwanzo wa miaka ya 1970, nchi iliamua kuelekeza huduma za afya vijijini, kwa sababu wananchi walio wengi waliishi huko. Zahanati na vituo vya afya vikajengwa kwa wingi. Mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, ambamo watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza habari za malaria, safura, kichocho na maradhi mengine, kisha wakaenda kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi. Mwaka 1975 ukaanza Mpango wa Taifa wa Chanjo. Kifua kikuu, dondakoo, kifaduro, pepopunda, polio na surua vikaanza kukabiliwa kwa utaratibu mmoja, na kadi ya kliniki ikawa hati ya kwanza ya mtoto wa Kitanzania.

Ushindi mkubwa wa miaka hiyo ulipatikana dhidi ya ndui. Urusi ya Kisovieti ilipendekeza mwaka 1958 kwamba ugonjwa huo ufutwe duniani, Marekani ikashiriki, na tangu 1967 kazi ikaongezwa nguvu chini ya Shirika la Afya Duniani. Wakubwa wale wawili, waliokuwa wakitishana kwa mabomu, walishirikiana katika jambo hilo. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, alipatikana Merca, Somalia, Oktoba 1977. Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa haina ndui. Ugonjwa ulioua watu wapatao watatu kati ya kumi waliougua ulikoma katika pwani hii hii ya Afrika Mashariki.

Kwa nini ndui ilikwisha? Kwa sababu mgonjwa alipopatikana, waliomzunguka walichanjwa wote, na ugonjwa ukakosa pa kwenda. Hilo ndilo jambo ambalo tunapenda kila kada alielewe. Chanjo humlinda aliyechanjwa. Lakini wakichanjwa walio wengi humlinda na yule ambaye hawezi kuchanjwa, kama mtoto mchanga ambaye siku zake hazijafika. Kwa surua, ambayo huambukiza upesi mno, yahitaji watu wapatao 95 kati ya 100 wawe na kinga ndipo ugonjwa ushindwe kuenea. Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo, wakimaanisha vijinga vya moto. Kwa chanjo, kinga na kinga ndipo moto uzimikapo. Hakuna mtu anayeweza kujinunulia peke yake kinga ya namna hiyo, hata awe na mali kiasi gani.

Kutoka Idete hadi Bagamoyo

Malaria ilibaki. Utafiti wa chanjo yake una mizizi mirefu nchini kwetu. Ifakara, bonde la Kilombero, ilipata maabara ya Waswisi mwaka 1957, nayo baada ya miaka mingi ikakua kuwa taasisi ya Kitanzania. Katika miaka ya 1990, kijiji cha Idete karibu na Ifakara kilijaribiwa chanjo iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Manuel Patarroyo wa Kolombia. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 1994, yalionyesha kwamba ilipunguza malaria kwa asilimia 31 hivi. Majaribio yaliyofuata Gambia, Thailand, na kwa watoto wachanga wa Idete yenyewe, hayakuonyesha faida, na chanjo hiyo ikaachwa. Baadhi ya watu waliona aibu. Hapakuwa na aibu. Sayansi inayokubali kupimwa tena na kushindwa mbele ya watu ndiyo inayostahili kuaminiwa siku inaposhinda.

Kisha ikaja zamu ya Bagamoyo. Watafiti wa Ifakara wakiongozwa na Dk. Salim Abdulla walijaribu chanjo ya RTS,S kwa watoto wachanga 340, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba ni salama, na kwamba katika miezi sita ya ufuatiliaji ilipunguza maambukizi ya kwanza kwa asilimia 65 hivi. Chanjo hii hutumia kipande cha koti la kimelea kama anavyokuwa anapotoka kwa mbu, kikaunganishwa na kipande cha kirusi cha homa ya ini, ili mwili umkamate adui kabla hajaingia kwenye ini. Mei 2009 jaribio kubwa la mwisho la chanjo hiyo lilianzia Bagamoyo. Lilienea katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, Korogwe ikiwa kituo cha pili cha Tanzania, na watoto 15,459 walishiriki. Matokeo kamili ya mwaka 2015 yalionyesha kwamba watoto waliochanjwa wakiwa na miezi 5 hadi 17, wakapata dozi nne, walipungukiwa na malaria kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Nguvu yake ilikuwa kubwa mwanzoni, kisha ilipungua kadiri kingamwili zilivyopungua.

Chanjo ya pili, R21, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford na kutengenezwa na Taasisi ya Serum ya India, ilijaribiwa kwa watoto 4,800 katika vituo vitano vya Mali, Burkina Faso, Kenya na Tanzania. Kituo chetu kilikuwa Bagamoyo tena, chini ya Dk. Ally Olotu. Katika mwaka wa kwanza ilipunguza malaria kwa asilimia 75 mahali penye ugonjwa wa msimu, na kwa asilimia 68 mahali ambapo watoto walichanjwa kwa kufuata umri, Bagamoyo ikiwemo. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha RTS,S itumike kwa watoto wengi Oktoba 2021, na R21 Oktoba 2023.

Wapo watakaouliza: chanjo isiyozuia yote ina maana gani? Tuwajibu kwa hesabu. Mwaka 2022, kwa makadirio ya Shirika hilo, malaria iliua watu wapatao 608,000 duniani, walio wengi wakiwa watoto wa Afrika walio chini ya miaka mitano. Kupunguza sehemu tu ya idadi hiyo ni kuokoa watoto wa kujaza shule nyingi. Lakini jibu hilo linabeba onyo: anayetundua chandarua kwa sababu mtoto amechanjwa amebadilisha silaha wakati alitakiwa kuongeza.

Kinga ni mali ya nani?

Sasa tunaweza kulirudia swali letu. Wazazi wa Bagamoyo na Korogwe waliwaleta watoto wao wapimwe na watolewe damu, katika pwani ile ile iliyowahi kutetemeka kwa habari za mumiani. Safari hii walielezwa, waliulizwa, na waliweza kukataa. Hiyo ni tofauti kubwa ya kihistoria, na watafiti wa Kitanzania ndio walioiwezesha kwa kuzungumza na watu kwa lugha yao. Elimu iliyopatikana imo katika kila chupa ya chanjo hizo.

Hata hivyo viwanda viko mbali. RTS,S ilipoanza kutolewa mwaka 2019, ilianzia Ghana, Kenya na Malawi. Hatusemi hivyo kwa kijicho, kwa maana mtoto wa Malawi ni mtoto wetu. Tunasema ili ieleweke kwamba anayetoa mwili wake kwa utafiti na anayemiliki kiwanda ni watu wawili tofauti. Uviko ulituonyesha jambo hilo kwa ukali. Mataifa tajiri yaliagiza dozi kuliko idadi ya watu wao, na Afrika ikangoja. Tanzania ilijiunga na mpango wa COVAX katikati ya mwaka 2021, na dozi za kwanza zilizotoka huko Julai mwaka huo, zaidi ya milioni moja, zilikuwa msaada wa Marekani. Msaada hupokewa kwa shukrani, lakini Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba Taifa halijengwi juu ya msaada.

Umoja wa Afrika uliweka mwaka 2021 shabaha kwamba ifikapo 2040 Afrika itengeneze asilimia 60 ya chanjo inazohitaji. Mkoa wa Pwani si mgeni wa kazi hiyo: Kibaha kumejengwa, kwa ushirikiano na Kuba, kiwanda cha dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, na chanjo za mifugo zimetengenezwa huko huko. Taifa linaloweza kumkinga kuku wake na kideri limekwisha kuanza njia ya kumkinga mtoto wake.

Hitimisho

Kutokana na historia hii tunaona kazi tatu. Wanafunzi wajifunze sayansi ya kinga kwa bidii, wakijua kwamba wenzao wa Ifakara na Bagamoyo wamekwisha kuthibitisha kuwa elimu hiyo haina rangi. Makada wawe karibu na wauguzi wa zahanati: wajue katika mtaa wao ni mtoto gani hajamaliza dozi na kwa sababu gani, kama ni umbali, au mashaka, au kazi za shamba zilizombana mama. Na Taifa liendelee kudai na kujenga uwezo wa kutengeneza, ili watoto waliotoa damu yao kwa utafiti wasije kupanga foleni ya mwisho.

Mtoto wa Kiwangwa hawezi kungoja apate kinga kwa njia ya babu yake. Njia hiyo ina makaburi mengi mno.